Majani ya Mpakani

Viwavi waliamka usingizi wao wa nne Jumatatu alfajiri, na mwanamke aliyekuwa akiwafuga akajua kwamba zamu yake ya kulala imekwisha.

Kiwavi wa hariri ndivyo alivyo. Hula, hunenepa mpaka ngozi inambana, kisha huacha kula, huinua kichwa na kutulia hivyo hivyo akingoja ngozi ya zamani ipasuke atoke na mpya. Hufanya hivyo mara nne. Siku hizo za kutulia ndizo mfugaji naye hupata kufua, kuoga bila haraka na kulala kitandani kama watu. Lakini akishaamka mara ya nne, hana tena habari ya kupumzika. Atakula siku saba, pengine nane, mchana na usiku, na katika siku hizo chache atamaliza majani mengi kuliko yote aliyoyala tangu aanguliwe. Tena si majani yoyote. Mwekee jani la mti mwingine, hata liwe laini namna gani, atalipanda, atatembea juu yake, na atakufa na njaa akiwa amelikanyaga. Anataka la mforsadi peke yake, bichi, lisilo na matone ya maji, lisilo na vumbi.

Mtaani walimwita mwanamke huyo Mama Viwavi. Mwanzoni jina lilimkera, lakini miaka kumi ilikuwa imepita, na siku hizi hata sokoni akiitwa hivyo aligeuka na kuitika. Alikuwa na miaka hamsini na minane, magoti yenye kulalamika, na mikono iliyokuwa na rangi ya kijani kwenye makunyanzi ambayo haikutoka kwa sabuni yoyote. Mume wake aliitwa Mwalimu, kwa sababu alikuwa mwalimu hadi alipostaafu. Mwaka uliotangulia aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na tangu hapo alitembea na mkongojo, na daktari alimkataza kubeba kitu kizito kuliko birika la chai. Kwa hiyo kazi waliyokuwa wakiigawana wawili ilimwangukia mmoja. Mwalimu alibaki na kipimajoto na daftari. Alisoma joto la banda kila baada ya saa mbili, akaandika kwa mwandiko wake mzuri, na wageni wakija aliwapa somo. Aliwaambia kwamba nondo mkubwa wa hariri hali kitu kabisa, hata tone la maji hanywi, huishi siku chache, akataga, akafa.

"Huyu mdogo ndiye anayekula kwa ajili ya maisha yake yote," aliwaambia. Wageni walicheka. Mkewe, aliyekuwa akipita na gunia la majani mgongoni, hakucheka.

Banda lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha matofali nyuma ya nyumba, madirisha yamezibwa kwa wavu, sakafu imenyunyiziwa chokaa. Ndani yake kulikuwa na vichanja vitatu, kila kimoja na ngazi tano, na miguu ya vichanja ilisimama ndani ya makopo ya maji ili sisimizi wasipande. Siku za kawaida ungeingia usisikie kitu. Wiki ya mwisho ulisikia meno. Ilikuwa sauti ndogo, lakini maelfu wakitafuna kwa pamoja, chumba kizima kilikuwa kama mtu anayepekua karatasi bila kupata anachotafuta.

Basi Jumanne asubuhi, akiwa ameshalisha mara mbili, alimwona wifi yake kwenye uzio. Huyu alikuwa dada mdogo wa Mwalimu, mjane, mwenye shamba la mahindi lililopakana na miti yao ya forsadi. Kati yao palikuwa na waya tu. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Wifi mtu alikuwa ameshika jani lililotobolewa matundu matundu, kama kitambaa kilichopitiwa na panya.

"Wifi, wameingia," alisema.

Mama Viwavi hakuuliza kina nani. Aliweka gunia chini, akapita chini ya waya, wakaingia shambani pamoja. Kila mhindi ulikuwa na uchafu moyoni, kama unga wa mbao uliolowa. Wifi yake alifumbua moyo mmoja kwa vidole viwili, na ndani yake alikuwamo kiwavijeshi, kahawia, mnene, anarudi kinyumenyume kujificha. Wa namna hiyo hukwepa jua. Mchana hujichimbia ndani ya moyo wa mmea, jioni na alfajiri hutoka kula, na wakikutana wawili mahali pamoja mkubwa humla mdogo. Ndiyo maana kila mhindi ulikuwa na mmoja tu, tena aliyeshiba.

Mama Viwavi alimtazama kwa muda. Alikuwa anawajua viwavi kuliko alivyowajua majirani zake, na huyu hakumwona kuwa mgeni. Mdomo ulikuwa uleule, njaa ileile. Mama yake alikuwa nondo vilevile.

"Wako unawalisha," wifi yake alisema, "wangu wanajilisha."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasio na nguvu ya kucheka sana. Kisha wakarudi kwenye jambo lenyewe, ambalo wote wawili walikuwa wamelielewa tangu mwanzo. Mahindi yalihitaji kupuliziwa dawa. Na dawa inayomuua kiwavi wa mahindi haimchagui kiwavi. Ikigusa jani la forsadi, atakayelila jani hilo atakufa hata kama ni wa hariri. Mama Viwavi alieleza kwamba bado siku saba kabla viwavi wake hawajaanza kusokota. Wifi yake alieleza kwamba baada ya siku saba hatakuwa na mahindi, atakuwa na mabua. Hakuna aliyepandisha sauti. Walikaa juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa, wakapiga hesabu ya siku kama wanaopanga safari ya hospitali.

Mwisho walikubaliana hivi. Jumanne jioni na Jumatano wangewaokota kwa mkono, pengine wangepungua. Wasipopungua, dawa ingepigwa Alhamisi alfajiri, kabla upepo haujaamka. Na Mama Viwavi angekata kwanza majani ya safu sita zilizo karibu na waya ayatumie Jumatano, kisha asiziguse tena.

Waliokota. Mwanamke mwenye magoti mabovu aliinama mhindi kwa mhindi na kopo la maji ya sabuni mkononi, akifumbua mioyo ya mimea, akirudi bandani kila baada ya muda kulisha wale wengine, kisha akirudi tena shambani. Vidole vilevile vilivyokuwa vikiwaua hawa, aliviosha mara tatu ndipo aguse wale. Jumatano jioni makopo yalijaa, na bado kila moyo wa mhindi waliofumbua mara ya pili ulikuwa na mkazi. Wifi yake alikaa chini kwenye udongo, akasema imetosha.

Alhamisi alfajiri dawa ikapigwa. Hapakuwa na upepo, lakini hata pasipo na upepo ukungu wa bomba huelea, na Mama Viwavi, aliyesimama mbali na kitambaa puani, aliuona ukipita chini ya waya taratibu, ukakaa juu ya miti yake. Alimpigia simu bwana shamba. Bwana shamba alimwambia asiguse safu hizo sita kwa muda wa wiki mbili, hata mvua ikinyesha.

Siku hiyo Mwalimu hakuwapo. Alikuwa amekwenda kliniki kupigwa picha ya nyonga, akachelewa kwenye foleni, akarudi jua likizama akiwa na maumivu. Alijua kwamba mahindi ya dada yake yameingiliwa, na alijua dawa itapigwa. Siku yenyewe hakuijua. Mkewe alikusudia kumweleza wakati wa chakula. Alikusudia kweli. Lakini alikaa mezani, akapeleka kijiko cha kwanza mdomoni, na Mwalimu alipoinua macho kumuuliza kitu, akamkuta amelala na kijiko mkononi. Akamvua viatu, akamwacha.

Ijumaa ilikuwa siku mbaya kuliko zote. Bila safu sita, majani ya karibu hayakuwapo. Zilibaki safu za mwisho wa shamba, kule bondeni, ambako kupanda na gunia kulimchukua nusu saa, na uzio wa shule ng'ambo ya barabara, ambao ulipandwa miforsadi zamani kwa ajili ya kivuli. Mkuu wa shule alimruhusu akate. Alikwenda huku, akaenda kule. Alikata kwa mundu, akashindilia, akabeba, akatandaza, na alipomaliza kichanja cha tatu, cha kwanza kilikuwa kimebaki vijiti vitupu, na viwavi wamenyanyua vichwa wakipapasa hewa. Hakuna anayeomba chakula kama kiwavi asiye na sauti. Humtazami usoni maana hana uso wa kutazama, ila anakuandama vilevile.

Saa saba na nusu mchana alirudi na gunia kutoka bondeni, akawamwagia waliokuwa na njaa zaidi. Kisha akakaa juu ya gunia tupu nje ya mlango wa banda, apumue dakika moja tu ndipo aondoke tena. Kichwa kikaegemea ukuta.

Mwalimu alimkuta hapo saa nane, alipokuja kusoma kipimajoto. Alisimama, akamwangalia mkewe. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, mundu umelala kwenye mapaja, na majani yamenasa kwenye nywele. Hakuwahi kumwona amechoka namna ile, hata walipokuwa na watoto watatu wadogo na mmoja mgonjwa. Akachungulia bandani. Kichanja cha kwanza kilikuwa kimekwisha majani. Akatazama saa yake. Angemwamsha, angeamka, angekwenda. Alijua hivyo, na ndiyo sababu hakumwamsha. Alichukua mundu polepole kutoka mapajani, akamfunika miguu kwa shuka, akaenda mwenyewe.

Bondeni asingefika. Barabara asingevuka na mzigo. Miti ya karibu ilikuwa ile ya mpakani, na matawi ya chini, ambayo mkewe hakuwahi kuyafikia Jumatano, yalikuwa bado yana majani mengi, mapana, ya kijani kibichi. Alikata kidogo kidogo, akiegemea mkongojo. Alifunga matawi kwa kamba, akayaburuta, kwa kuwa kuburuta si kubeba na daktari hakukukataza. Alikwenda mara nne. Jasho lilimtoka, nyonga ikamwaka moto, lakini alipotandaza matawi kwenye ngazi ya tano ya kichanja cha kwanza na kusikia sauti ya meno ikianza tena, alijisikia mtu mwenye maana. Akakaa kwenye kiti chake, akaandika daftarini: Saa nane na dakika hamsini, kimelishwa.

Mama Viwavi aliamka karibu saa kumi. Kwanza alishtuka kwa jinsi jua lilivyosogea. Kisha akaona shuka. Akaingia bandani mbio, akaona kichanja cha kwanza kimejaa matawi mabichi, na kwa muda mfupi sana moyo wake ulilainika, akaona kwamba kumbe hayuko peke yake.

"Umeyatoa wapi?" aliuliza.

"Hapo karibu," Mwalimu alisema, akaelekeza mkongojo kwenye waya.

Hakupiga kelele. Alianza kuyatoa matawi kwa mikono miwili, akiyatupa nje ya mlango, na Mwalimu aliyekuwa ameinuka nusu akauliza kuna nini, naye akamjibu bila kugeuka kwamba dada yake alipuliza jana. Mwalimu akakaa tena. Mkongojo ulianguka, hakuuokota.

Walikuwa wameshakula saa nzima. Aliowahi kuwatoa aliwahamishia kwenye karatasi safi, akafungua madirisha yote, akawawekea majani machache ya bondeni, wasiyaguse. Walianza kuyumbisha vichwa huku na huku kama wanaotafuta kitu angani. Kisha wakatapika maji ya kijani. Kisha miili, ambayo asubuhi ilikuwa mizito na mieupe kama kidole cha mtoto, ikajikunja na kufupika. Ngazi ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Aliwahi kuwapoteza kwa ugonjwa, kwa sisimizi, kwa joto. Hakuwahi kuwapoteza wakiwa wamebakiza siku nne tu.

"Nilitaka ulale," Mwalimu alisema nyuma yake.

"Nimelala," alijibu.

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomuuma. Alikuwa amelala vizuri. Na kosa la kutomwambia lilikuwa lake, naye alilijua, na kulijua hakukumpunguzia kitu. Angependa kukaa chini hapo kwenye chokaa na kulia. Lakini vichanja viwili vingine vilikuwa vimekwisha majani, na waliokuwa humo walikuwa hai, wana njaa, hawana habari ya wenzao. Akachukua mundu na gunia, akatoka.

Wifi yake alikutana naye njiani. Alikuwa ameona matawi yaliyotupwa nje ya mlango, na alikuwa mkulima, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alinyoosha mkono autwae mundu.

"Ulivaa nguo hizo jana?" Mama Viwavi aliuliza.

"Hizi hizi."

"Nenda kaoge kwanza. Na nywele. Na kucha. Ukimaliza, vaa kitu ambacho hakijafika shambani kwako."

Mtu mwingine angeona ametukanwa. Huyu alikwenda, akaoga, akarudi nywele zinachuruzika, amevaa shati la zamani la kaka yake lenye madoa ya wino mfukoni, likamfika magotini. Alichukua mundu, akashuka bondeni. Alikata mpaka giza likaingia, na kesho yake alirudi kabla jua halijachomoza, na Jumapili vilevile. Hakuomba msamaha, maana hakuwa amekosa, na wote walilijua hilo. Alikata tu. Mwalimu naye alihamisha kiti chake hadi kwenye uzio wa shule, akakaa akivua majani kutoka kwenye matawi ambayo dada yake alimwangushia. Mzigo ulipojaa, dada mtu aliubeba akavuka nao barabara.

Waliokufa, Mama Viwavi aliwazika mwenyewe shimoni, chokaa juu, udongo juu ya chokaa. Kichanja cha kwanza alikisugua kwa maji na sabuni mpaka mbao zikabadilika rangi, akakiacha nje juani. Ndani ya banda pengo lilibaki mahali pake, na kila alipopita na majani mkono ulitaka kuanzia pale.

Siku mbili yeye na mumewe hawakuzungumza ila mambo ya lazima. Joto ngapi, chai iko wapi, umemeza dawa. Jumapili mchana Mwalimu alishindwa kuvumilia.

"Niseme basi," alimwambia. "Nigombeze. Ukinyamaza hivi naumia zaidi."

Mkewe alikuwa ameshika mzigo wa majani kifuani.

"Sina nguvu ya kukasirika, Mwalimu. Nikiigawa niliyo nayo, hawa hawatakula."

Mwalimu alitikisa kichwa, akarudi kwenye kiti chake. Lakini jioni hiyo, walipokuwa wamekaa nje wakingoja maji yachemke, mkewe alimwambia kwamba alikusudia kumwambia Alhamisi. Alisema maneno yalikuwa mdomoni kabisa, yakaja na usingizi, usingizi ukashinda. Mwalimu alisema anajua, kwa sababu yeye ndiye aliyemvua viatu.

Jumatatu viwavi wa kwanza waliacha kula. Miili ilianza kupitisha mwanga, kama zabibu nyeupe, na wakaanza kutembea ukingoni wakinyoosha vichwa. Mama Viwavi na wifi yake waliwaokota mmoja mmoja wakawaweka kwenye fremu za mbao za kusokotea. Jumanne jioni karibu wote walikuwa wameanza kusokota. Majani ya mwisho yalikauka vichanjani bila mtu wa kuyala, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nane banda likanyamaza.

Wiki moja baadaye mama wa ushirika wa wafugaji, aliyewaletea mayai na kununua mavuno yao, alikuja na gari kuchukua vifuko vya hariri. Mwalimu, mkewe na dada yake walikuwa wamekaa kibarazani wakivibandua kutoka kwenye fremu, vyeupe, vigumu, vyepesi. Ng'ambo ya waya mahindi yalikuwa yametoa mioyo mipya, majani ya zamani yakining'inia na matundu yake, na kila mahali palipokuwa na mhindi uliokufa palionekana wazi kama jino lililong'oka. Mama wa ushirika alitazama magunia, akauliza mbona safari hii ni machache.

Mama Viwavi alifungua mdomo, lakini Mwalimu alimtangulia.

"Mimi niliwalisha sumu," alisema. "Kichanja kizima."

"Sote tulikuwa tumechoka," mkewe akaongeza, akaendelea kubandua.

Mama wa ushirika aliandika kwenye karatasi yake, akafunga magunia, kisha akauliza kama alete mayai mengine ya nondo mwezi ujao kama kawaida, maana orodha inafungwa wiki hiyo.

Mama Viwavi alitazama miti yake. Ilikuwa imekatwa mpaka imebaki fito, bondeni na mpakani sawasawa. Alimwambia asilete. Miti inahitaji muda, alisema. Mama wa ushirika aliuliza aandike lini. Akamjibu aandike kwamba atapiga simu mwenyewe.

Gari lilipoondoka ilikuwa bado asubuhi, hata saa nne haijafika. Wifi yake alipinda mgongo nyuma mpaka ukalia, akasema anakwenda kupalilia. Mama Viwavi aliingia ndani, hakuosha mikono, akajilaza kitandani na nguo alizovaa. Mwalimu alimsikia akivuta pumzi ndefu, moja, ya pili. Akarudishia mlango polepole, akaleta kiti chake akakiweka mbele ya nyumba, na kila aliyepita siku hiyo akimuulizia Mama Viwavi, alimwambia kwamba amesafiri.